Lowell Tackett na Kiti Alichoondoka Nacho

Caney Fork,
Kentaki.
14 Februari

Mpendwa mwanangu Garnett,

Pokea salamu kutoka milimani. U hali gani huko Norwe kwenye visima vya mafuta vya baharini? Zile soksi nilizokufumia zivae, usizifanye pambo. Mimi goti linanisumbua, mengine namshukuru Mungu. Baba yako anakula na anabisha kama kawaida, ila moyo wake bado ni wa kuchungwa. Na hapo ndipo penye hasira yangu, hasira ambayo leo imeniunguzia mkate wa mahindi.

Lowell Tackett, diwani wetu, amehama chama. Ndiyo, Lowell yule yule tuliyemlea ndani ya chama chetu cha Punda tangu alipokuwa akibandika mabango! Mwaka jana aliamka siku moja akawa Tembo, chama cha wapinzani wetu. Hata kutuaga hakutuaga, tulisikia redioni. Na kiti akaondoka nacho, kwani eti kiti ni cha mtu, si cha chama.

Baraza la kaunti lina madiwani watatu, na Punda tulikuwa na wawili. Lowell alipovuka, wingi ukahamia kwao, na kura yake ya kwanza ilikuwa kufunga kituo chetu cha gari la wagonjwa. Kituo hicho hicho aliapa hatakigusa, kwenye karamu ya chama, mdomo umejaa maharage yetu! Sasa gari linatoka mjini, ng'ambo ya mlima. Oktoba baba yako alipobanwa na kifua, tulilisubiri mpaka nikadhani namzika kaka yangu.

Nilimfuata Lowell dukani kwake.

"Mama Ozella, mimi sijahama," akaniambia. "Chama ndicho kilichonihama. Watu wote wa bonde hili wameshakwenda kule."

"Na gari la wagonjwa, nalo lilikuhama?"

Akacheka. "Basi subirini uchaguzi mniondoe."

Alijua anachosema, hana haya! Siku hizi Punda kushinda huku ni muujiza. Anayeshinda mchujo wa Tembo, ile kura ya kumteua mgombea wao, ndiye diwani; uchaguzi wa Novemba ni kupiga muhuri tu. Na kwenye mchujo wao hapigi kura ila aliyejiandikisha Tembo.

Lakini na sisi tumejitakia. Marehemu mume wangu Virgil alilifundisha bonde zima: weka alama moja juu ya karatasi ya kura, kwenye Punda, nayo inawachagua wagombea wetu wote, kisha rudi nyumbani ukanywe kahawa. Majina hatukuyasoma. Aliyesimama chini ya Punda alipita, awe na akili au asiwe nazo. Lowell alipanda kwa alama hiyo hiyo.

Basi Desemba, kwenye karamu yetu ya maharage, nikasimama nikawaambia kama Lowell yuko kule, twende kule kule tukamng'oe. Mzee Hobart, yule mchimba makaa, akaguta, "Ozella! Mimi nijiandikishe Tembo? Baba yangu atafufuka anichape!"

"Mwache afufuke, naye tumwandikishe."

Walicheka, lakini walikuja. Kwa karani wa kaunti nilijiandikisha Tembo, na nilipotoka nililia ndani ya gari. Maisha yangu yote nimekuwa Punda, Garnett. Iliniuma.

Jumamosi iliyopita Tembo walikuwa na kifungua kinywa cha chapati za maji. Lowell mwenyewe anagawa. Akainua macho, akaona benchi zima la watu wa Caney Fork.

"Mama Ozella! Mmepotea njia?"

"Hatujapotea. Si ulisema watu wote wamekuja huku? Ndio sisi."

"Karibuni basi! Kura zenu nazihitaji."

"Za kwetu usizihesabu, Lowell. Anayegombea nawe ni mimi."

Alienda kumhudumia mtu wa meza nyingine.

Mchujo ni Mei, na kushinda si hakika. Tembo wa siku nyingi wananitazama kama mwizi wa kuku, na baadhi ya Punda wamekata salamu. Waache! Nikipita, kituo kitafunguliwa.

Nisalimie mkeo Solveig na umbusu mtoto. Shangazi yako Lurleen anakusalimu, na Mzee Hobart pia. Mungu akuweke salama juu ya maji hayo.

Baba yako amekataa katakata kuhama, hata kwa ajili yangu. Anasema atakufa Punda. Nimemwambia afe Punda akipenda, ila si mwaka huu.

Akupendaye bila kuhamahama,
Shangazi Ozella