Moto Ambao Hakuuwasha

Chumba cha juu, kwa Bibi
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mpendwa Shangazi,

Mkasi wa Bibi ulianguka kwenye sakafu ya saruji, na mlio ule haujanitoka masikioni hadi leo. Nisamehe, nimetanguliza habari kabla ya salamu. Shikamoo. Goti linaendeleaje? Sisi huku tu wazima wa mwili.

Nilikuwa namsomea Bibi ile sura ya riwaya yangu uliyoisifu sana: tarishi wa ofisi ya mkoloni, kijana anayependwa na msichana mshonaji, anawaonyesha askari nyumba za waliokataa kodi, nao wanazitia moto. Msichana nilimbadilisha jina, nikadhani imetosha. Tarishi nilimwachia jina lake la utani, Vifungo, maana nilifikiri alilipata kwa kung'arisha vifungo vya sare ili awapendeze wakubwa.

"Alikuwa akivikata mwenyewe, mjukuu wangu," alisema Bibi. "Apate sababu ya kuja nimshonee. Sare ikawa kama kinywa cha kibogoyo."

Tulicheka. Kisha akaacha kucheka.

Siku ya moto ule, Shangazi, Vifungo alikuwa karakana ya ushonaji, ameketi mbele ya Bibi bila shati, tangu asubuhi mpaka moshi ulipoonekana. "Ningesema alikuwa wapi, ningelazimika kusema alikuwa na nani," aliniambia. Baba yake Bibi asingemwacha binti salama. Basi akanyamaza, akaozwa kwa Babu, na Babu ndiye aliyewasimulia ninyi watoto kwamba Vifungo alikuwa kibaraka. "Babu yako alikuwa na wivu hata na kivuli," alisema.

Wewe sikulaumu. Uliponisimulia kisa hiki, ulirudia ulichosikia kwa baba yako. Mimi nimesomeshwa kuuliza, na sikuuliza. Mshonaji mwenyewe alikuwa chumba cha pili, nami nikaenda kumtafuta maktabani.

Na mzee Vifungo bado yupo, anatengeneza saa mtaa wa nyuma. Majuzi aliniita dirishani: "Mwandishi! Nasikia na sisi wazee tumo. Umenipa mke, au umeninyima tena?" Nikacheka kama mjinga, nikapita.

Nilimwomba mchapishaji tuibadilishe sura ile. Akasema bila moto wa Vifungo msomaji hana wa kumchukia, na yeye hana kitabu. Najua umekwisha kuitangaza riwaya hii kwa majirani zako wote. Hilo nalo linanichoma.

Wasalimie binamu zangu, hasa kifungua mimba wako. Mungu akulinde huko uliko, akupe na moyo wa kunivumilia.

Riwaya haitatoka, Shangazi. Ijumaa nilivunja mkataba. Nikauchukua muswada, nikaenda nao kwa mzee Vifungo, na kabla sijamwomba radhi nikamsomea sura ile mpaka mwisho, yeye akinitazama.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye.