Wiki ya Ndoo Sifuri

Aberdeen, 3 Februari 1999

Mdogo wangu Esnati,

Leo natimiza miaka thelathini na mitatu tangu niondoke Malawi. Mimi mzima, isipokuwa magoti. Mama je, bado anagombana na kuku?

Kamati ya kanisa la huku inatuma wapimaji mwezi wa sita, waone kama pampu mliyowekewa imebadilisha maisha yenu. Watahesabu ndoo kwa wiki moja. Ikionekana haitumiki, itang'olewa ipelekwe kijiji cha Chimwala. Usihofu. Ripoti naisoma mimi na kuitia saini, kwa kuwa wananiita mjuzi wa huko.

Kaka yako,
Laitoni

Mphate, 21 Juni 1999

Kaka, shikamoo.

Hatujambo kwa kadiri ya msiba. Mama alifariki tarehe tisa, usingizini. Tumemlaza kando ya baba.

Wapimaji walifika siku ileile. Unajua maji ya msiba hayapiti kwenye chuma, kwa hiyo hadi tulipoanua matanga kijiji kizima kilikwenda mtoni. Mpimaji mmoja, mama wa mjini mwenye mwavuli, alikaa pale kwenye pampu akituangalia tukipita. Akamuuliza shangazi Nagama, "Mama, pampu hii imewakosea nini?"

Mgeni hafundishwi mambo ya maiti. Shangazi akamjibu, "We andika tu, mwanangu. Atakayesoma ni wa kwetu."

Tulicheka kidogo, mara ya kwanza tangu mazishi.

Mdogo wako,
Esnati

Aberdeen, 30 Agosti 1999

Mdogo wangu,

Pole, nami nijipe pole. Barua yako imenifikia tarehe tisa mwezi huu. Saini niliweka Julai. Ripoti ilisema: ndoo sifuri kwa siku saba, wanakijiji wameukataa mradi.

Nimewaandikia. Wamejibu kwa upole kwamba faili limefungwa, na upimaji mwingine ni baada ya miaka mitatu.

Kaka yako,
Laitoni

Mphate, 12 Desemba 1999

Kaka,

Tuliobaki tu wazima. Mafundi walikuja mwezi wa kumi kuing'oa pampu. Shangazi Nagama aliwapikia ugali wa nsima na kuku, maana ni wageni. Alipowaletea maji ya kunawa, wakauliza kama yamechemshwa.

Mvua zimeanza na mto umekuwa kama uji. Mjukuu wangu Tamandani aliharisha siku nne. Tulipomzika, hakuna aliyehitaji kukumbushwa maji yatoke wapi.

Nina swali moja. Wewe umezaliwa hapa. Ulisoma kwamba wanawake wote wa Mphate waliipita pampu siku saba wakaenda mtoni. Hukuuliza nani amekufa?

Esnati

Aberdeen, 25 Januari 2000

Esnati,

Nilijua. Niliposoma mstari ule nilijua kuna maiti Mphate. Nikawapitia wazee mmoja mmoja kichwani, na wa kwanza alikuwa mama.

Lakini Kamati ilikuwa mezani, na kwa miaka mingi nimewaambia kwamba mambo ya chuma na maiti watu wetu waliyaacha walipobatizwa. Mwenyekiti akaniuliza, "Mzee, lipo la kueleza hapa?" Nikasema halipo. Chai ikaletwa.

Wasomee barua hii wote, na shangazi akiwapo.

Sitarudi.

Laitoni