Chupa ya Sita

Mwanangu wa kwanza,

Barua hii ikukute umeshakula. Sisi tupo. Paka kazaa watatu kwenye kikapu cha nguo.

Bia zako sita, kutoka viwanda vidogo vya huko, zimefika salama. Usiwe na wasiwasi, baba yako hanywi tangu daktari amkataze. Anafungua, ananusa, ananiambia nikuandikie ipi nzuri. Ya asali na ile nyeupe kazisifu. Ya tatu, ile chungu, kasema, "Hii dawa ya mbu! Aliyeipika arudishiwe ada yake ya shule." Tukacheka.

Ya nne akainusa, akainusa tena. "Mama watoto, hii si maji?" Mimi nilisikia harufu yake ya kahawa toka mlangoni. Ya tano vilevile. Mtu aliyepika bia miaka thelathini, mwanangu, pua yake ndiyo iliyotulisha! Toka siku hiyo chakula hagusi, na daktari kaniambia niwaite watoto.

Ya sita kakataa kuifungua. Iko kando ya kitanda. Anasema wewe ndiye utakayemnusia.

Usitume nyingine. Njoo uifungue hii.

Ni mimi mama yako, ninayeangalia njia.