Banda Nililoliziba

Mwenzio nimeua ng'ombe. Yule wa mama mkwe, aliyeniachia nimtunze na ndama wake alipokwenda kwa bintiye. Mimi!

Si nilikwambia anakohoa? Nikadhani ni baridi. Nikaziba banda lote kwa maturubai, hata panya hapati upenyo.

Mama mkwe akapiga simu: "Mwanangu, acha apate hewa." Nikamjibu, "Mama, hayo mambo ya zamani." NILIMJIBU HIVYO.

Leo asubuhi kafa. Daktari wa mifugo kaingia bandani, katoka anafuta machozi kwa ukali wa harufu ya mkojo. Akaniuliza, "Wewe ungelala humu?"



Akampasua. Mapafu kwa juu laini, rangi ya waridi. Kwa chini magumu kama ini, yamegandwa na utando wa njano. Anasema bakteria walipoingia, mwili ulimwaga maji na chembe za kinga kupigana nao, mpaka vifuko vya hewa vikajaa. Yaani mapafu yalikuwa yanajitetea huku yanazama. Na hewa chafu niliyomfungia humo ndiyo iliyowafungulia mlango.

Hewa, shoga. "Acha apate hewa."

Nageuka, mama mkwe huyo nyuma yangu na mkoba wake wa safari. Kasikia yote. Kaenda bandani kwa ndama, anang'oa maturubai moja moja.

Bora angenitukana.

Nimejificha jikoni. Sasa hivi ndama kakohoa.