Tulimubeba kwa Kichwa

Kisangani

Yaya Salumu, kaka yangu,

Salamu zangu zikukute umeshiba na umekaa vizuri, juu ninakujua, ukiwa na njaa hata barua unaigombeza. Mama analala vizuri? Na bibi yako, amejifungua salama? Mimi huku niko muzima, alhamdulillahi, mwili na roho.

Barua yako ilifika na gari ya moshi. Niliisoma kwa sauti mbele ya wanawake wenzangu wa chama, na mwanzo tulicheka mpaka Mama Zaina, jirani yangu, akashika mbavu. Halafu nikafika pale ulipoandika nisikanyage nyumba yako, nisimuone Mama, mpaka niache chama na nyimbo na nirudi Kindu kuolewa na rafiki yako muuza chumvi. Hapo sikucheka tena. Nililia, Yaya. Sasa nimemaliza kulia, ninakujibu.

Unasema nimewaaibisha mpaka Kindu. Bon. Wacha nikueleze mwenyewe, juu wale waliokuletea hiyo habari hawakuwa pale, ama walikuwa pale wamekaa tu.

Mama Fatuma alikuwa mutu wa Basoko. Alikuwa anauza samaki ya moshi bandarini, na ndiye aliyenifundisha kutunga wimbo, ule mwaka bwana yangu aliponiacha na mashini ya kushona peke yake. Naye nilipanda masuwa, ile meli ya mto, kwenda kuimba arusi kwao Basoko. Naye nilikwenda Bengamisa juu ya lori ya makemba, zile ndizi za kupika, mashini katikati ya miguu, tukafundisha mabinti wa kule kukata na kushona nguo. Hapa cité, mitaa yetu watu weusi, mutu akizaa na mama yake iko mbali, sisi tunamupikia, tunamuoshea mutoto. Huo ndio uhuni unaouandika wewe.

Basi Mama Fatuma alikufa lopitalo, kwenye kitanda ya wagonjwa, ghafula. Hapa mujini hakuwa na ndugu hata mumoja. Tulimuosha sisi, tukamukatia sanda sisi, tukapika wali na sombe ya majani ya muhogo kwa watu wa matanga. Wanaume wa mutaa walikuja, wakakaa kwenye mikeka, wakala. Walikula, Yaya! Mwalimu wa musikiti akamusalia vizuri. Halafu wakati ya kumupeleka makaburini, mukubwa yao mumoja akajifuta mudomo akasema:

"Huyu muke aliishi bila bwana, ukoo yake hatuijui. Sisi hatubebi."

Nikamuuliza, "Papa, na ule wali, ukoo yake uliijua?"

Akasukuma sahani yake pembeni ya mukeka.

Jua lilikuwa linapanda, na maiti haiwezi kungoja wanaume watafute akili. Mama Zaina akasema, "Alors, tunangoja nani?" Tukaingiza bega chini ya jeneza, sisi wanawake wanne wa chama. Wee, tuliharibu! Mimi murefu, Mama Zaina mufupi, jeneza ikalala upande, karibu tumwangushe. Wanaume wanajua kupokezana bega wakitembea, sisi nani alitufundisha? Nikasema, "Wanawake, toka utoto tunabeba mizigo kwa bega?" Tukavua vitambaa, tukavikunja kata, tukajifunika kichwa na kanga. Mama Zaina alikunja kata nene mara mbili ili atufikie. Tukamuweka Mama Fatuma juu ya kichwa, kama tunavyobeba maji kila asubuhi. Alikwenda sawasawa, hata hakutikisika.

Tulipita barabara kubwa tukisoma shahada kwa sauti. Watu walitoka kwenye milango. Wengine walitutukana, wengine walilia, muzungu mumoja alisimamisha baiskeli. Pale makaburini wanaume watatu wakatufikia mbio, jasho linawatoka, wakashuka kaburini kumupokea. Hatukuwakataza. Asante pia hatukusema.

Hiyo ndiyo aibu yangu yote. Kama kesho mwingine atakufa bila mutu, nitakunja kata tena. Chama siachi. Nyimbo siachi. Na yule muuza chumvi mwambie chumvi ninayo, inanitosha.

Nisalimie bibi yako, na Tonton Rajabu, mujomba wetu muchonga mitumbwi, ambaye hakunikataza hata siku moja kuimba akifanya kazi. Shangazi mukunga mwambie mabinti wa Bengamisa sasa wanashona nguo za watoto wachanga, atafurahi. Watoto wako wabusu wote, hata yule mukorofi.

Kibali ya safari nimeipata. Muzungu wa vibali aliniuliza ninakwenda kwa nani, muke bila bwana. Nilimujibu ninakwenda kwa mama yangu. Jina lako sikulitaja. Idi ikiisha tutapanda gari ya moshi mpaka Ubundu, na pale masuwa mpaka Kindu, sisi wote wanne. Nyumba iko yako, Yaya, umesema nisikanyage, sitakanyaga. Tutatandika mukeka barabarani mbele ya mulango yako na tutaimba, mchana kweupe, majirani wote wakisikia. Mama sauti yangu anaijua. Akiuliza juu ya nini mutoto wake iko nje, mujibu wewe.

Ndugu yako wa tumbo moja,
Mwajuma