Simu Inauliza: Unganisha na Baba?

Gesima, Nyamira
Jumapili asubuhi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua ukisikia kuna barua kutoka kwa Kadzo, swali lako la kwanza litakuwa, "Nani amekufa?" Hakuna aliyekufa, Baba. Mimi na mjukuu wako Moraa tu wazima, ila kikohozi cha baridi, ambacho huku hata hakihesabiwi kuwa ugonjwa. Wewe je, macho yanaamkaje? Lile la kushoto bado linaona mwanga, au ndiyo limekwisha kabisa? Na mgongo? Dada Dama, wewe unayemsomea, soma polepole na usiruke pahali, hata pale ninapokutaja wewe.

Utashangaa kwa nini nakuandikia kwa kalamu wakati simu ninayo. Simu ninayo, lakini si yangu tena, ni ya televisheni. Ngoja nikueleze.

Momanyi alipokuja likizo mwaka jana kutoka Uarabuni, alinunua televisheni kubwa akaitundika ukutani kwa mamake, humu humu tunamokaa, akatia na waifai. Mamake alikuwa akilalamika kwamba kwenye simu uso wa mwanawe ni mdogo mno, hawezi kujua kama amekonda au amenenepa. Basi ikawa kila Ijumaa jioni, siku ya mapumziko yake, Momanyi anapiga simu ya video, mimi nairusha kwenye televisheni, na mamake anamwona mzima mzima, hadi chunusi. Lakini iwe kabla ya magharibi. Hawa ni Wasabato, Baba. Jua likizama Ijumaa, Sabato imeingia, na televisheni inazimwa hata kama mtu yuko katikati ya neno.

Sasa hiyo mitambo ina kiburi, haki ya Mungu. Leo inakubali, kesho haimtambui mtu. Na nyumba nzima anayeiweza ni mimi tu. "Mama Moraa, TV haioni simu!" Naacha ugali jikoni, nakuja. Naangalia kwanza kama vyote viwili viko kwenye waifai moja, maana kile kisanduku cha waifai kinatoa majina mawili yanayofanana kama mapacha, na simu hupenda kurukia la pili wakati televisheni imebaki kwenye la kwanza. Hapo vitatafutana mpaka kiama. Kama si hilo, stima ilikatika na kisanduku kimesahau kazi yake. Nakichomoa, nahesabu taratibu mpaka thelathini, nakichomeka tena. Kama si hilo, televisheni imeomba ruhusa na hakuna aliyebonyeza ndiyo, kwa sababu rimoti imekaliwa na mama mkwe.

Yote yakikaa sawa, simu inaniuliza swali moja la mwisho. Hapa ndipo nilipotaka kufika. Huku kwa Wakisii, Baba, mama mtu huitwa "baba", na baba mtu huitwa "tata". Siku ya kwanza nilipoletwa, mama mkwe alinishika mkono akasema, "Mimi uniite Baba." Nilidhani sikusikia vizuri. Sasa Momanyi alipofunga ile televisheni aliipa jina la mamake. Kwa hiyo kila Ijumaa kioo cha simu kinaniandikia: Unganisha na Baba? Mara ya kwanza nilicheka. Ya pili nilienda nje kulia, kwa sababu nikibonyeza ndiyo, Baba ninayeunganishwa naye si wewe.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi ya tatu nilipewa kikapu cha kuchumia majani chai, na mwaka wa tano huu sijakitua. Ulinionya. Ulisema anayeolewa mbali huzikwa mbali, nami nikakujibu maneno ambayo leo nayaonea haya. Nisamehe.

Basi sikia yaliyotokea. Ijumaa moja, kama miezi miwili iliyopita, tumekaa sote sebuleni. Momanyi yuko ukutani anatuonyesha viatu vipya vya kazi. Kerubo, wifi yangu anayekaa nyumba ya pili kutoka hapa, naye amekuja. Mara juu ya paji la uso wa Momanyi ikateremka meseji, herufi kubwa kama za kanisani. Ya kwako hiyo, Dama. "Baba amesema ufunge virago uje na mtoto. Macho yake yanaisha."

Kerubo aliisoma kwa sauti, maana yeye husoma chochote, hata karatasi ya sukari. Akamgeukia mamake. "Baba! Umemfukuza Mama Moraa?"

"Mimi?" mama mkwe akashtuka. "Nimesema lini?"

"Si imeandikwa? Baba amesema afunge virago."

Na Momanyi kule Uarabuni, ambaye haoni meseji lakini anasikia, akapaza sauti: "Baba, ni ukweli? Unafukuza bibi yangu nikiwa mbali?"

"Uuui! Mimi sijafukuza mtu! Na macho yangu iko sawa! Nani amesema macho yangu inaisha?" Alikuwa amesimama, kitambaa kimemwanguka kichwani, anazifumbua kope kwa vidole ili mwanawe aone.

Baba, ningenyamaza, lawama ingekuwa yake na mimi ningefukuzwa kwa heshima, nifike kwako kabla ya wiki kuisha. Nilifikiri hivyo, sikufichi. Lakini nilimwona yule mama machozi yanamlenga, anatafuta ni lini alisema. Nikashindwa. Nikasema, "Si wewe. Ni tata. Tata yangu mimi, kule Kilifi. Anapofuka, na hajawahi kumwona Moraa."

Kisha mama mkwe akauliza polepole, "Kwa hivyo umekuwa ukipanga kuenda, na hapa mimi sijui?"

Nilikuwa nimekamatwa, basi. Momanyi akasema kwa upande wake hana neno, niende, ila nani atamwonyesha mamake kila Ijumaa? Kerubo ana mdomo lakini hana mkono wa simu. Ndipo mama mkwe akatoa hukumu: "Nifundishe kwanza. Siku nitarusha hii kitu peke yangu, siku hiyo utaenda, wewe na mtoto, na mimi mwenyewe nitakusindikiza mpaka kwa basi, Keroka." Nikamshukuru. Nilidhani ni kazi ya wiki moja.

Nimemfundisha wiki saba. Leo anasahau waifai, kesho anasahau rimoti. Nikimwambia ahesabu thelathini, anafika kumi na nne anaanza hadithi. Huyu ni mtu anayekumbuka kila jirani ambaye hakuja kwenye mazishi ya mumewe miaka tisa iliyopita, na chakula alichokosa kukileta. Mambo manne ya simu hayamkai? Na tangu ile Ijumaa simu yangu haitoki sebuleni. Inalala mezani chini ya televisheni, eti ya kufanyia mazoezi. Kila meseji inayoingia Kerubo anaisomea nyumba nzima. Ndiyo maana nakuandikia. Karatasi haipandi ukutani. Itakuja na mwalimu wa shule ya hapa ambaye kwao ni Kilifi, anafunga shule kesho.

Jumatano iliyopita ilinyesha mvua ya mawe, tukaacha majani shambani, nikarudi kabla ya saa sita. Nikapita kando ya dirisha, nikachungulia. Baba, ulikuwa ukutani! Ile picha yako ambayo Dama aliituma, umevaa fulana nyeupe umepakata redio, ilikuwa imejaa televisheni nzima. Mama mkwe ameketi, Moraa mapajani, simu mkononi, na hakuna mtu mwingine ndani. Ameirusha mwenyewe, bila kukosea hata kidogo. Alikuwa akimwambia mtoto kwa Kikisii, nami Kikisii sasa nakielewa: "Huyu ndiye tata wa mama yako. Mwangalie vizuri hapa."

Nikakohoa. Televisheni ikazimika. "Hii kitu," akaniambia bila kunitazama, "imejiwasha yenyewe."

Juzi Ijumaa nikampa simu, mimi nikakalia mikono yangu. Nikamwambia leo simsaidii hata kidogo. Alijua kwamba najua. Alifanya yote taratibu, kila kitu mahali pake, mpaka lile swali likatokea: Unganisha na Baba? Kidole kikabaki hewani.

"Bonyeza, Baba," nikamwambia.

"Nikibonyeza utaenda."

"Nitaenda, na nitarudi."

"Hata Momanyi alisema hivyo."

Simu ikaanza kulia. Ni Momanyi, saa yake imefika. Nilitaka kumpokonya, Baba, nimkemee kama mtoto. Yeye akaifunika mapajani kwa viganja viwili, akatazama dirishani. Ikalia ikakata. Ikalia tena. Jua likaishia nyuma ya mashamba ya chai ya ng'ambo. Akainuka, akaniambia, "Sabato njema," akaenda kuchukua Biblia yake.

Yule mama anahesabu siku hadi Ijumaa kama mtoto anayengoja Krismasi, na Ijumaa yenyewe akakubali kutouona uso wa mwanawe ili mimi nisiondoke. Nina hasira naye. Na ninampenda. Lingekuwa kufuli ningelivunja, lakini huyu nimvunjeje? Nimekwama, Baba, na hakuna aliyenifunga.

Nisalimie Dada Dama, umwambie meseji yake sikuichukia, ila Ijumaa jioni asiandike hata herufi. Nisalimie kaka yangu mdogo mpanda minazi, na shangazi wa mahamri, na yule mama jirani aliyenisuka siku ya kuondoka. Mama mkwe hajui kama nakuandikia, lakini najua angekusalimu, kwa hiyo pokea na salamu zake.

Ni mimi bintiyo Kadzo, ambaye huku ni Mama Moraa.

Dama, bado hujamaliza. Ndani ya bahasha kuna picha ya Moraa, tuliipigisha kwa mpiga picha Keroka. Nilimvika sweta ya manjano kwa sababu uliniambia manjano ndiyo rangi ambayo Baba bado anaiona. Baba, usiiweke kwenye Biblia ungoje nije nikuonyeshe mwenyewe. Itoe nje juani, umwone leo.