Bado Nasema Ni Yule Mke

Mjukuu wangu Osvalda,

Marahaba. Hapa Msanzi tu wazima, ila babu yako analalamikia mgongo.

Umeniuliza: chuoni wote wanaisifu ile albamu ya muziki ya zamani, wewe umeiona ya kawaida, je, unyamaze? Usinyamaze.

Usichanani mwetu, wakati wa kupura ulezi, mmoja wetu alitusomea riwaya ya upelelezi, nasi tukamfanyia sehemu yake ya kazi. Kurasa za mwisho mjomba wangu alikuwa amezisokotea tumbaku, basi tukabaki kubishana muuaji ni nani. Wenzangu wote walisema daktari. Mimi nikasema mke wa marehemu, maana mwanamke asiyeuliza mumewe amekufaje, anajua. Walinicheka mpaka ulezi ukaisha.

Baadaye sana nilikipata kitabu kizima sokoni Sumbawanga. Mwandishi naye anasema daktari! Nimekirudia juzi, na bado nasema ni yule mke. Mwandishi amekosea.

Albamu yako nimeisikiliza kwenye simu ya babu yako. Mimi nimeipenda mno, hasa ule wimbo wa mwisho, wa polepole. Njoo likizo unibishie. Wewe utaongea, na sehemu yako ya kupura nitaifanya mimi.

Bibi yako